Fundo Lenye Kiuno

Moja ndiyo iliyonihenyesha. Tano niliipata jioni ya kwanza, saba nikaipata kesho yake, na tisa ikanichukua siku tatu, kwa kuwa mizunguko tisa ya uzi haikubali kulala pamoja mpaka vidole viizoee. Moja ilikataa kabisa. Nilikuwa nimeketi barazani na donge la uzi wa pamba, ule mnene wa kufungia vifurushi, nikijaribu kuandika namba kama walivyoziandika watunza hesabu wa Wainka katika milima ya Andes miaka 500 na zaidi iliyopita. Hawakuwa na wino wala karatasi. Waliandika kwa mafundo.

Chombo chao kinaitwa khipu. Kwa Kikechua, lugha ambayo mamilioni ya watu wa Peru, Bolivia na Ekwado wanaizungumza hadi leo, neno hilo maana yake ni fundo, basi. Ukiiona khipu imetandazwa juu ya meza ya makumbusho utadhani ni pindo la shela lililochanika. Kuna uzi mkuu mmoja, mnene kuliko nyingine, umelazwa mlalo. Kwenye huo zinaning'inia nyuzi nyembamba, pengine kumi, pengine mia kadhaa, nyingi zikiwa hazizidi nusu mita. Baadhi ya nyuzi hizo zina watoto, yaani nyuzi tanzu zilizofungwa tumboni mwa mama yao, na watoto nao pengine wana watoto. Mara mojamoja uko uzi unaopanda juu badala ya kushuka. Huo nitaurudia, maana ndio uliofumbua fumbo.

Kazi ya fundi huanza kabla ya fundo la kwanza. Pamba ya Andes huota na rangi zake yenyewe: nyeupe, rangi ya maziwa, kahawia hafifu, kahawia iliyokolea kama mbegu ya ukwaju. Palipokosekana pamba ilitumika sufu ya lama na alpaka. Nyuzi zikishasokotwa upande mmoja, hushikwa mbili au zaidi zikapotwa pamoja kwa upande wa pili, ili misokoto ishikane na uzi usifumuke wenyewe. Aliyewahi kupota kamba ya makumbi anaijua siri hiyo. Kisha kichwa cha uzi hukunjwa kitanzi, nao hutundikwa kwenye uzi mkuu, ama kitanzi kikitazama mbele, ama kikitazama nyuma. Msomaji ashike neno hilo la mbele na nyuma.

Sasa tufunge namba. Tuseme 325. Pale juu, karibu na uzi mkuu, piga mafundo matatu ya kawaida yaliyosogeana: mia tatu. Shuka, acha nafasi, piga mawili: ishirini. Shuka tena mpaka karibu na ncha, uifunge tano. Anayesoma kutoka juu kwenda chini anasoma kama ulimi wetu unavyotamka, mia tatu ishirini na tano, kubwa ikitangulia na ndogo ikifuata. Elfu zikiwapo hukaa juu ya mamia, na makumi elfu juu ya elfu.

Na 305 je? Mahali pa makumi hufungi kitu, uzi unapita mtupu. Pengo hilo huonekana kwa sababu nyuzi jirani hufungwa kwa safu: mamia ya uzi huu yako kimo kimoja na mamia ya uzi ule, makumi yako kimo kimoja na makumi, hivyo jicho likipita mlalo linalitambua pengo mara moja, kama unavyotambua jino lililong'oka. Neno letu sifuri tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni utupu. Watu wa Andes hawakuchora alama ya utupu. Waliuacha utupu wenyewe ukae mahali pake, vidole viwili vya uzi usioguswa.

Mpaka hapa mfumo ni mzuri, lakini si hapo uliponikamata moyo. Ulinikamata kwenye ile tano ya mwisho. Mahali pa mamoja, tano haifungwi kwa mafundo matano. Hufungwa kwa fundo moja refu: unauzungusha uzi juu ya nafsi yake mara tano, kisha unaipitisha ncha ndani ya mizunguko yote na kuvuta polepole. Ukivuta kwa pupa, mizunguko inapandana na fundo linakuwa bonge. Ukivuta kwa subira, inajipanga kama pete tano kwenye kidole kimoja, na kidole gumba chako kinaweza kuzihesabu gizani.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Fikiria unavyoandika kwenye karatasi. Tatu ya mamia na tatu ya mamoja ni tarakimu ile ile, kinachozitofautisha ni mahali zilipokaa tu. Ndiyo maana sifuri moja iliyosahauliwa kwenye daftari la duka inaweza kumtoa mtu machozi. Katika khipu, mamoja yana umbo lao na makumi yana umbo lao. Mafundo ya kawaida yanasema: endelea kushuka. Fundo refu linasema: namba imefika mwisho wake. Na kwa kuwa mwisho unajulikana, fundi anaweza kuanza namba nyingine chini yake kwenye uzi huo huo, wala zisigombane. Mkono ukikuta fundo refu unajua kwamba unachokigusa baada ya hapo ni habari mpya.

Hapo ndipo moja inapoleta balaa. Fundo refu la mizunguko mitano ni tano, la mizunguko miwili ni mbili. La mzunguko mmoja ni nini? Chukua uzi ujaribu. Uzungushe mara moja, pitisha ncha, vuta. Ulichopata ni fundo la kawaida, lile la makumi, hakuna tofauti hata chembe. Umekusudia kuandika moja, na msomaji wako ana haki ya kusoma kumi. Mfumo mzima, wenye uwezo wa kubeba makumi elfu bila kutetereka, unakwama kwenye namba ndogo kuliko zote.

Mafundi wa Andes hawakuuacha ukwame. Kwa ajili ya moja peke yake walitenga fundo la tatu, lile ambalo uzi hupita na kurudi ukachora umbo la nane. Tofauti yake na fundo la kawaida ni nusu mzunguko. Badala ya ncha kuingia kitanzini moja kwa moja, inazunguka kwanza nyuma ya shina, ndipo iingie. Mimi nilikuwa nikiisahau hiyo nusu kila mara, na kila mara uzi ulinirudishia kumi. Shangazi yangu, ambaye amesuka mikeka maisha yake yote na alikuwa akinitazama bila kusema kitu, aliuchukua uzi mkononi mwangu, akalifunga mara moja, akalitazama. "Hili lina kiuno," akasema. Na kweli lina kiuno: limebonyea katikati, lina kifua juu na nyonga chini. Tangu siku hiyo sijaliita jina jingine.

Ninalipenda fundo hilo kuliko jambo lolote nililowahi kusoma kuhusu namba. Ukuta wa mawe wa Cusco, mji mkuu wa Wainka, unaonekana na kila mtalii. Nusu mzunguko wa uzi hauonekani mpaka ujaribu kuufunga. Lakini ndani yake yupo mtu aliyeketi na kazi yake, akaona mahali ambapo msomaji wa mbali angeweza kudanganyika, akatafuta dawa ndogo kabisa iwezayo kutosha. Hakubadilisha mfumo. Aliongeza nusu mzunguko.

Ulimwengu wa nje ulichelewa kuyaelewa haya. Aliyeyaweka wazi ni Leland Locke, mwalimu wa hesabu wa Brooklyn, ambaye alizichunguza khipu zilizohifadhiwa katika makumbusho ya historia ya viumbe ya New York na kuchapisha matokeo yake mwaka 1912. Kilichomsaidia ni ule uzi unaopanda juu. Nyuzi zinazoshuka hupangwa makundi makundi, na kwenye baadhi ya khipu kila kundi lina uzi wake wa kupanda. Locke alizisoma nyuzi za kundi kwa kanuni ya mafundo niliyoieleza, akajumlisha, akausoma uzi wa juu. Jumla ilikuwa ile ile. Akaenda kundi linalofuata, ikawa vile vile. Kitu ambacho wengi walikiona kuwa kamba za kukumbushia hadithi kilikuwa hesabu iliyofungwa na kukaguliwa, na ukaguzi wake ulikuwa bado unakubali karne nne baadaye.

Dola iliyotegemea nyuzi hizi haikuwa ndogo. Wainka waliiita Tawantinsuyu, sehemu nne zilizoungana, kutoka neno tawa, yaani nne. Ilienea kutoka kusini mwa Kolombia ya leo mpaka katikati ya Chile, karibu kilomita 4,000 za milima na jangwa. Hapakuwa na fedha za sarafu. Kodi ililipwa kwa kazi: zamu ya shambani, zamu ya barabara, zamu ya kufuma nguo. Watu walihesabiwa kwa makumi, na makundi yao yalikuwa na majina: chunka kumi, pachaka mia, waranqa elfu, hunu elfu kumi. Ukiziangalia ngazi hizo utaona kwamba ni zile zile za mafundo kwenye uzi. Aliyetawala watu mia na aliyefunga fundo la mia walitumia ngazi moja.

Mwenye kazi hiyo aliitwa khipukamayuq, mtunza mafundo. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539 na mama wa ukoo wa kifalme wa Wainka na baba Mhispania, anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba hata kijiji kidogo kilikuwa na watunza mafundo wasiopungua wanne, na wote waliweka hesabu zile zile ingawa mmoja angetosha. Kwa nini wanne? Ili pasiwe na udanganyifu. Wakila njama, lazima wale wote. Garcilaso mwenyewe alijifunza kusoma mafundo. Wakuu wa wenyeji waliokuja mjini kulipa kodi waliomba alinganishe khipu zao na maandishi ya kodi, kwa kuwa hawakuwaamini Wahispania. Namwona kijana huyo, kichwa kimeinama kati ya maandishi ya upande mmoja wa ukoo wake na nyuzi za upande wa pili, akitafuta kama zinakubaliana.

Mtu angeweza kudhani kuwa habari ya nakala nne ni majivuno ya mzee anayekumbuka kwao. Lakini huko Puruchuco, pembezoni mwa Lima, mwaka 1956 khipu 21 zilipatikana ndani ya chungu kilichofukiwa chini ya sakafu ya nyumba. Mwaka 2005 Gary Urton na Carrie Brezine wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba saba kati yake zinapangika kwa ngazi tatu. Namba za khipu za ngazi ya chini zikijumlishwa kundi kwa kundi, jumla zake zinaonekana kwenye khipu za ngazi ya kati, na za kati zikijumlishwa zinaonekana kwenye ya juu. Na ndani ya ngazi moja zimo khipu zinazolingana, moja ikiwa karibu nakala ya mwenzake. Ni mnyororo wa uhasibu wa ngazi kwa ngazi, umekaa chini ya sakafu kwa karne nyingi. Khipu za ngazi za juu zinaanza na mafundo matatu yenye kiuno, mahali ambapo hakuna namba ya kuhesabiwa. Watafiti hao walipendekeza kwamba mafundo hayo yalitaja mahali: hizi ni hesabu za Puruchuco. Kama ni hivyo, fundo lililobuniwa kuiokoa moja isichanganywe na kumi lilikuwa pia muhuri.

Niongeze habari ya Inkawasi, katika bonde la Cañete kusini mwa Lima, kwa sababu ina harufu. Hapo palikuwa na maghala ya Wainka, na wachimbaji wakiongozwa na Alejandro Chu walizikuta khipu zimelala pamoja na mazao yenyewe: nyingine chini ya karanga, nyingine chini ya pilipili, nyingine chini ya maharage meusi. Sakafu ya ghala ilikuwa imechorwa miraba iliyolingana, ya kupimia mazao yakimwagwa. Ukiokota uzi uliofukiwa kwenye pilipili, huhitaji kuuliza sana unahesabu nini.

Khipu huhifadhi hesabu, haikokotoi. Hakuna mtu awezaye kujumlisha kwa kufunga na kufungua mafundo mbele ya wageni wanaosubiri. Kukokotoa kulifanyika chini, kwa punje. Mwaka 1590 padri Mhispania José de Acosta aliandika jinsi alivyowatazama wenyeji wakiweka punje za mahindi, moja hapa, tatu pale, nane kwingine, wakihamisha hii na kubadilisha ile, mwisho wakatoa jibu lisilo na kosa hata la nukta, wakati mkokotozi hodari mwenye wino angehangaika. Na Felipe Guaman Poma de Ayala, Mwandes aliyemwandikia mfalme wa Hispania kitabu kikubwa chenye mamia ya michoro, alimchora mtunza mafundo amesimama na khipu amezitandaza kwa mikono miwili. Pembeni chini, karibu na miguu yake, kuna ubao wa miraba wenye safu tano za miraba minne, na ndani ya kila mraba vijiduara, vingine vimejazwa, vingine vitupu. Huo ubao waliuita yupana, kutoka neno la kuhesabu. Punje zilitembea mle ndani, na zikishatulia, jibu likapanda mkononi na kufungwa.

Hapa hasira yangu huwa inapanda, na sitaificha. Wahispania walipomkamata mfalme Atahualpa huko Cajamarca mwaka 1532, waliikuta nchi ambayo kila lama na kila kipande cha nguo kilikuwa na mahali pake kwenye uzi, kwa mfumo unaotoa thamani kwa mahali na kujua utupu. Wakati ule ule, hesabu nyingi za hazina ya Hispania zilikuwa bado zinaandikwa kwa tarakimu za Kirumi, ambazo hazina mahali pa utupu. Tarakimu za Kihindi zilikwishafika Ulaya kwa mkono wa Waarabu, wafanyabiashara wakazipenda, maofisa wakazikawiza. Halafu hao wenye Kirumi ndio walioandika kwamba wamewakuta watu wasiojua kuandika.

Lakini nyuzi zilijibu. Pedro Cieza de León, askari aliyeandika kwa uangalifu kuliko wenzake wengi, alipita bonde la Xauxa akamwambia mkuu wa pale kwamba hasadiki habari za mafundo. Mkuu akaagiza khipu ziletwe. Kila kitu ambacho watu wake walikuwa wamewapa Wahispania tangu kamanda wao Pizarro alipoingia bondeni kilikuwa mle: dhahabu, fedha, nguo, mahindi, lama, bila kukosa hata kimoja. Cieza anakiri kwamba alistaajabu. Mwaka 1561 wakuu wa Xauxa wakaenda mbali zaidi. Walifika mbele ya mahakama kuu ya Lima na khipu zao, zikasomwa na watunza mafundo, waandishi wa mahakama wakinakili kwa wino. Vilitajwa vilivyotolewa kwa hiari, na kando yake vilivyoporwa. Miaka mingi ya mahindi, nguo, viatu na vyungu ilisomwa kutoka kwenye kamba, mwaka baada ya mwaka. Mwanahistoria John Murra, aliyezichambua kumbukumbu hizo karne ya 20, aligundua kwamba vitu vimetajwa kwa mpangilio ule ule kila mara, watu na wanyama na nguo mbele, mazao yakifuata, na vitu vilivyoletwa na Wazungu, kama kuku, vikapewa mahali pake ndani ya mpangilio huo. Nyuzi zilikuwa na utaratibu wao, na kuku wa kigeni ikabidi asogee mahali alipopangiwa.

Mahakama za wakoloni ziliendelea kuzisikiliza khipu kwa miaka mingi. Kanisa lilikuwa na mioyo miwili. Baraza la maaskofu la Lima, mwaka 1583, liliamuru khipu zenye mambo ya dini ya zamani ziharibiwe. Lakini Acosta yule yule anasimulia kumwona mwanamke aliyekuja kutubu akiwa na kitita cha nyuzi, na ndani yake ameyafunga maisha yake yote, dhambi kwa dhambi. Mara nyingi namfikiria mwanamke huyo. Alikaa peke yake mahali fulani akaamua kila kosa lake lifungwe fundo gani.

Zilizobaki leo ni kama elfu moja na ushei, zimetawanyika makumbusho mbalimbali, karibu 300 zikiwa Berlin. Wataalamu Marcia na Robert Ascher, mke mwanahisabati na mume mwanaanthropolojia, walitumia miaka mingi kuzipima uzi kwa uzi, fundo kwa fundo, na kuandika vipimo vyote ili wengine wavitumie. Waliona kwamba takriban khipu moja katika kila tano haikubali kusomwa kama hesabu. Mafundo yake hayafuati ngazi. Hizo zinasema jambo jingine.

Na zile za hesabu nazo zinasema zaidi ya hesabu. Kumbuka kitanzi kinachotazama mbele au nyuma. Mwanafunzi mmoja wa Harvard, Manuel Medrano, alilinganisha khipu sita za bonde la Santa na orodha ya kodi ya mwaka 1670 yenye walipa kodi 132. Makundi ya nyuzi yalikuwa karibu idadi ile ile. Kwa hoja aliyoichapisha pamoja na Urton mwaka 2018, upande ambao uzi umetundikiwa ulionyesha mlipaji ni wa nusu ipi kati ya mbili za jamii, na rangi zilikwenda na majina ya watu. Mwaka uliotangulia, Sabine Hyland wa Chuo Kikuu cha St Andrews alikuwa amechapisha habari ya khipu mbili zilizofichwa katika kijiji cha San Juan de Collata, zilizofungwa kwa sufu na manyoya ya wanyama sita tofauti, wakiwamo vikunya na paa. Wazee wa kijiji walimwambia kwamba khipu zile ni barua, nazo husomwa kwa kugusa, maana tofauti ya manyoya ni sehemu ya maneno. Alivua glavu. Walikuwa wanasema kweli: zipo tofauti ambazo jicho halizioni na kidole kinazisikia.

Katika kijiji cha Tupicocha, juu ya Lima, koo za wenyeji bado zinazo khipu za mababu. Frank Salomon, aliyekaa nao miaka mingi, anaeleza jinsi zinavyotolewa kila Januari kwenye mkutano wa kukabidhi madaraka na kuvishwa viongozi wapya, kutoka begani kukatiza kifuani. Hakuna tena awezaye kuzisoma. Zinatunzwa, zinakunjwa kwa adabu, zinarudishwa mahali pake.

Mimi nilianza na jambo dogo. Niliamua kufunga mauzo ya shangazi ya miezi mitatu: mikeka 11, mikeka 27, mikeka 30. Nilizichagua namba hizo kwa furaha, kwa kuwa zina kila kitu. Kumi na moja ina fundo la kawaida juu na lenye kiuno chini. Ishirini na saba ina mawili juu na refu la mizunguko saba. Thelathini ina matatu, kisha utupu mpaka ncha. Nikaweka uzi wa kupanda juu, wenye jumla yake, 68: mafundo sita yaliyosogeana, halafu refu la nane, ambalo nilirudia mara nne kabla halijatulia.

Nikampelekea shangazi, nikamweleza kanuni mara moja. Hakuvaa miwani. Aliushika uzi wa kwanza kwa kidole gumba na cha shahada akashuka nao, akatikisa kichwa kukubali alipokifikia kiuno. Wa pili akashuka, akasimama chini, akarudi, akasimama tena. Wa tatu aliupitia haraka. Kisha akapanda ule wa juu.

"Mwanangu, jumla yako haikubali."

"Haikubali vipi, shangazi?"

"Juu umesema sitini na nane. Huku chini ni sitini na saba." Akanirudishia uzi wa katikati, kucha yake imebana fundo refu. "Hesabu pete. Mwezi wa pili niliuza ishirini na saba. Umeniibia mkeka."

Nikahesabu. Zilikuwa sita. Mzunguko mmoja ulikuwa umezama chini ya wenzake nilipovuta, na jicho langu halikuuona. Nililegeza fundo kwa ncha ya sindano, nikafundua, nikazungusha upya mara saba na kuvuta taratibu. Pamba haikunyooka. Mahali lilipokaa fundo la kwanza pamebaki mikunjo midogo, kama ile inayoonekana kwenye baadhi ya khipu za zamani ambapo mtu alifunga, akafundua, akaifunga namba nyingine. Khipu yangu inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wake, na akiuza mkeka huja kuniita nikafunge.